Daftari Linaloanzia Mikindani

Swali la kwanza la mzee halikuhusu nauli wala uzito wa kabati. Alivua viatu mlangoni, akapokea kikombe cha chai, akafungua daftari lake refu kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, kisha akamgeukia mama wa nyumba.

"Usiku wa kwanza kule, watoto watalala wapi?"

Mama alikuwa amejiandaa kueleza habari za makochi. Akasita kidogo. "Kwenye kitanda chao, mzee."

"Neti?"

"Ipo."

"Na chai ya asubuhi utapikia nini?"

Hapo kalamu ikaanza kwenda: kitanda cha watoto, godoro lake, neti mbili, sufuria ndogo, mtungi wa gesi wa kilo 13 na meko yake, kiberiti, ndoo, sabuni, taulo. Hakuna hata kijiko kilichokuwa kimeguswa pale Baba Dogo, Nairobi, na tayari mstari wa kwanza wa safari ulikuwa umeshafika Mikindani, Mombasa, ukatandika kitanda na kuinjika chai.

Kazi ya mzee huyu, kuhamisha nyumba za watu, haina kibao wala ofisi. Alianza ujanani kama mbeba mizigo kwenye malango ya viwanda vilivyojipanga kando ya barabara ya Baba Dogo, ile inayotoka Outer Ring kuelekea Lucky Summer. Huko ndiko alikojifunza jinsi mzigo unavyokaa, na jinsi unavyosema uongo. Mtaa huu unakaliwa na watu wengi wanaofuata kazi, na kazi haikai mahali pamoja, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi kuna nyumba inayohamwa. Nyingi huhamia ploti ya pili au ya tatu, na hapo mkokoteni unatosha: ukisahau ufagio, unarudi kuuchukua. Mzee yeye huitwa na wanaokwenda mbali, Kisumu, Eldoret, Mombasa. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, na harudi mtu kufuata ufagio.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili vya kulala, orofa ya tatu. Baba watoto alikuwa ametangulia. Kampuni yake ilikuwa imemhamishia kwenye ghala la Changamwe, naye akapata nyumba Mikindani, upande wa bara, karibu na kazi. Mzee aliusifu uchaguzi huo kwa sababu yake mwenyewe: Mikindani iko kabla ya kuingia kisiwani, na lori halitapoteza asubuhi nzima kwenye msongamano wa kuelekea Makupa.

Baada ya chai alitoa futikamba. Alipima nyumba kama fundi cherehani anavyompima mteja, bila haraka na bila kumwuliza mwenyewe anadhani ana upana gani. Friji, kabati, meza, vitanda, kila kimoja kwa urefu, upana na kina. Kisha akatoka nje akapima kitu ambacho wengi hawakipimi, ile kona ya ngazi ambapo mzigo hugeuzwa. Inchi 38. Akampigia simu baba watoto. "Nipimie mlango wa huko. Si fremu. Ufungue mlango wote, unipimie nafasi inayobaki." Jibu lilikuja: inchi 31. Meza ya kulia ilikuwa na upana wa inchi 36, basi mbele ya neno "meza" akaandika "miguu itoke". Kabati lina kina cha inchi 24, litapita kwa ubavu. Mambo mawili ambayo yangegunduliwa na watu wanne wakiwa wamebeba mzigo mikononi, yalimalizwa na kalamu.

Kutafuta lori ni sehemu ya kazi ambayo mimi, mtazamaji wake, nilidhani ni ya simu tu na kuulizia bei. Kumbe ina hesabu yake. Mzee hatafuti lori linalokwenda Mombasa. Anatafuta lori linalorudi Mombasa. Bandari huingiza mizigo mingi kuliko inayosafirishwa nje, kwa hiyo malori hupanda bara yakiwa yameshiba na mengi huteremka na njaa. Hata magari madogo yanayoleta nazi na maembe kutoka Pwani hupata shida hiyo hiyo. Kenta lililokuja na nazi, likazishusha sokoni, haliwezi kulala Nairobi likisubiri bahati. Dereva wake atakubali shilingi 27,000 kwa safari ambayo wengine walikuwa wameitajia 42,000. Ila lori la namna hii halina tarehe. Mama alikuwa ametaka Jumamosi. Mzee alimwomba siku tatu, yoyote kati ya Alhamisi na Jumamosi, na katika hizo siku tatu ndimo zilimokuwa zile 15,000 za tofauti.

Kenta lilipopatikana, alipanda bodini akainama, akapitisha kiganja sakafuni akitafuta misumari iliyochomoza. Akanusa. Maji ya nazi yaliyochacha hushika kwenye godoro, na harufu hiyo haitoki. Akaomba sakafu isuguliwe kwa maji na sabuni na iachwe ikauke juani. Akatazama stika ya bima na ya ukaguzi wa NTSA, akamkumbusha mama kwamba bima ya gari si bima ya sahani. Mwisho akapima bodi: futi 14. Namba hiyo aliizungushia duara, na baadaye nikaelewa kwa nini.

Bajeti nayo aliianza chini ya ukurasa. Familia ilikuwa na shilingi 98,000. Watu wengi huandika lori, halafu wabebaji, halafu nauli, na kile kinachobaki wanakiita chakula. Yeye aliandika chakula kwanza: 20,000 za kula, kupanda matatu na kununua umeme mpaka mshahara wa kwanza wa Changamwe utoke. Akapiga mstari juu yake. Pesa hizo hazikuwa za kuhama tena. Juu ya mstari akaandika nyumba ya Mikindani, kodi 13,000 na amana 13,000. Juu yake shule na sare za watoto wawili, 7,500. Ndipo akafika kwenye lori, 27,000, akiwa tayari ametumia zaidi ya nusu ya mfuko bila gurudumu kuzunguka.

Vilivyosalia vilikwenda upesi. Vijana wanne wa kupakia, 800 kila mmoja. Mahamali watatu wa kushusha kule, 1,000 kila mmoja, kwa kuwa mwenyeji anajua kwamba mwenye mzigo hana pa kukimbilia. Mkokoteni, 600. Katoni, selotepu, kamba na magunia, 1,900. Treni ya SGR kutoka Syokimau hadi Miritini kwa mama na watoto: tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni 1,500, na watoto wa kati ya miaka mitatu na 11 hulipa nusu, kwa hiyo 3,000 kwa wote watatu. Ada yake mwenyewe, 5,000, aliiandika mwisho na kwa herufi ndogo. Amana ya nyumba ya Baba Dogo hakuihesabu kabisa. "Hiyo itakuja keateka akishamaliza kuhesabu matundu ya misumari ukutani," alisema, "na hatuli pesa iliyo mfukoni mwa mtu mwingine."

Jumla ilikuwa 97,200. Zilibaki shilingi 800.

Nilitarajia asugue kichwa. Hakusugua. Alirudi kwenye ile futi 14 iliyozungushiwa duara, akagawanya 27,000 kwa 14, akapata kwamba kila futi ya lori inagharimu karibu 1,930. Kisha akatazama makochi. Yalikuwa ya watu saba, makubwa, ya kitambaa cha kahawia, yakiwa yamepangwa ukutani pande tatu. "Haya yatakula futi tatu na nusu," akasema. "Shilingi 6,750 kuyapeleka. Ukiyauza hapa kwa jirani utapata ngapi?"

Mama alikaa kimya. Ni makochi aliyoyalipia kidogo kidogo, na mtu yeyote aliyewahi kulipia kitu kidogo kidogo anajua kwamba bei yake haiko kwenye risiti. Mzee hakumharakisha. Akanywa chai iliyokwisha kupoa, akazungumza na watoto habari za bahari. Nadhani hapa ndipo ustadi wake unapoonekana zaidi kuliko kwenye kamba na mafundo: anajua namba, na anajua pia kwamba namba haina haki ya kusema kwanza. Baada ya muda mama alisema mwenyewe kwamba kitambaa kile ni cha joto, kwa Mombasa hakifai. Makochi yaliuzwa 9,000 kwa nyumba ya orofa ya kwanza, na hayakupimwa kona ya ngazi.

Zile futi tatu na nusu zilizobaki wazi hazikuachwa zisafiri bure. Mzee alimjua mfanyabiashara wa mitumba mwenye marobota sita ya kupeleka Kongowea. Akayaweka humo kwa shilingi 5,000, zikatolewa kwenye kodi ya kenta. Sasa akiba ya dharura ilikuwa 14,800. Kwa makochi yasiyosafiri, ukurasa wote ulikuwa umepumua.

Aliendelea kuitafuta Mombasa ndani ya kila kabati. Mablanketi mazito na makoti, viuzwe, na pesa zake ziandikwe kwenye mstari wa feni. Droo za kabati, zilizokuwa zikiteleza vizuri kwenye ukavu wa Nairobi, zitavimba kwa unyevu wa Pwani. Akazitoa moja moja, akasugua kingo zake kwa mshumaa, akazirudisha. Chupa za plastiki zilizofungwa zitabonyea zikishuka zaidi ya mita 1,500 hadi usawa wa bahari, akawaambia watoto wasishangae.

Kufunga vyombo kulichukua jioni kadhaa. Katoni alizichagua dukani kwa kuzibonyeza pembe. Za mafuta ya kupikia ni ngumu na ndogo, humo viliingia vitabu, pasi, sufuria. Za vitafunio ni kubwa na laini, humo iliingia mito na nguo. Sheria yake ni kwamba katoni isizidi kilo 20 hivi, kwa sababu itateremshwa orofa tatu na kupandishwa lori na kushushwa tena na watu wengine. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliotembea kutoka Pwani hadi kwenye maziwa makuu, walibeba karibu frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Nilipomtajia hilo alitikisa kichwa. "Wale walikuwa hawana ngazi."

Sahani hazikulazwa. Kila moja ilizungushiwa ukurasa wa gazeti la zamani, Taifa Leo nyingi, ikasimamishwa kwa ukingo kando ya mwenzake, maana sahani iliyosimama hubeba mshtuko kwenye ukingo, na iliyolazwa hubeba uzito wa wenzake wote tumboni. Glasi zilijazwa soksi. Chini ya katoni ya vyombo alitandika taulo, na juu yake akabonyeza kwa viganja viwili akisikiliza. Kikisikika kitu kikigongana, katoni inafunguliwa upya. Mara mbili nilimwona akifungua katoni iliyokwisha kufungwa selotepu, bila kulalamika.

Vitanda alivivunja kwa spana na penseli. Kabla ya kulegeza nati yoyote aliandika herufi pande zote mbili za kiungo, A kwa A, B kwa B, ili yule atakayekiunga Mikindani asihitaji kukisia. Skrubu na nati za kila kitanda alizifunga katika kipande cha kitambaa, akakishonea kwa waya kwenye ubao wa kitanda hicho hicho. Zamani alitumia vifuko vya plastiki; tangu vilipopigwa marufuku Agosti 28, 2017 amegundua kwamba kitambaa kinashinda, kwa sababu hakichaniki kona. Kila katoni ilipata namba na jina la chumba kwenye ubavu, kamwe si juu, kwa kuwa juu hufunikwa na katoni nyingine. Daftarini zilifika 41.

Siku ya kupakia ilikuwa Ijumaa. Kenta halikuweza kuingia kwenye kichochoro cha ploti, likasimama barabarani, na mkokoteni ukawa daraja kati ya ngazi na lori. Vijana walitaka kuanza na kilicho karibu na mlango. Mzee akawazuia kwa kidole kimoja. Kitakachohitajika kwanza Mikindani kitaingia mwisho, na kisichohitajika Mikindani kabisa kitaingia mwanzo: marobota ya mitumba, yatakayoendelea hadi Kongowea, yakapangwa nyuma ya kichwa cha gari, matatu chini, matatu juu. Yakawa ukuta laini. Friji ikasimamishwa ikiuegemea, wima, ikafungwa kamba mbili, moja ya kifua na moja ya goti, kama alivyoziita.

Kabati lilifuata, mlango wake ukiwa umetazama friji ili usifunguke njiani, godoro kubwa likiwa katikati. Katoni nzito zikajaza sakafu, zikiwa mbele ya ekseli ya nyuma, kwa sababu uzito ukikaa mkiani gari huyumba, na pia kwa sababu ya mizani. Magari ya uzito wa kuanzia tani 3.5 hulazimika kupimwa, na kwenye barabara hii mizani iko Athi River na Mariakani. Vyombo vya nyumba vyepesi havivunji sheria, ila ekseli hupimwa moja moja. Kila pengo lililobaki lilizibwa kwa gunia la nguo. Aliingiza mkono kati ya vitu kila baada ya hatua chache, na palipopita ngumi, aliita gunia. "Mzigo hauvunjiki kwa kubanwa," aliwaambia vijana. "Unavunjika kwa kupata nafasi ya kutembea." Meza ikaingia kichwa chini, miguu yake imefungwa pembeni. Kijana mmoja akaleta kitanda cha watoto mapema. "Mzee, hii inaingia hapa poa." Inaingia, alikubali mzee, lakini si sasa.

Mzigo ulipofika mkiani mwa lori, palikuwa pamebaki nafasi sawa kabisa na ule ukurasa wa nyuma wa daftari: kitanda cha watoto, godoro, ndoo yenye sufuria na sabuni, begi la neti, na mtungi wa gesi, wima, vali imefungwa, umeshikizwa kwenye pembe. Alisoma orodha kwa sauti, na kijana mmoja akajibu kila kitu kwa kukigusa.

Turubai lilitandazwa kutoka mbele kwenda nyuma, mkunjo wa juu ukitazama nyuma ili upepo wa mwendo usiingie chini yake. Kamba zilivutwa kwa kuning'inia, mwili mzima wa mtu ukiwa kipimo. Kisha akamwita dereva pembeni, akampa maagizo mawili. La kwanza, aondoke saa mbili usiku, Outer Ring ikishapungua magari, apite Taj Mall (jengo lilibomolewa 2018, jina halijasikia habari hiyo) hadi barabara ya Mombasa, ili afike kule jua likiwa limetoka na mahamali wameamka. La pili, asimame Emali, si kwa chai tu, azikaze kamba upya. Mzigo hukaa chini ndani ya kilomita mia za kwanza, na kamba iliyokuwa inalia Baba Dogo huwa inalegea ifikapo huko. Nusu ya malipo ilitumwa kwa M-Pesa papo hapo, na nusu ikasubiri neno la baba watoto.

Mama na watoto walilala kwa ndugu Lucky Summer, wakapanda treni asubuhi. Walipofika Miritini mchana, kitanda kilikuwa kimeshaungwa, A kwa A.

Mzee alipiga simu jioni ile akiwa na daftari magotini. Alitaka namba, na baba watoto akazitaja. Feni ilinunuliwa 3,200; mablanketi na makoti yalikuwa yameleta 1,800, kwa hiyo 1,400 zilitoka kwenye dharura. Kufuli ya mlango, 450. Mahamali waliongezewa 400, kwa sababu lori lilisimama mbali kuliko ilivyosemwa. Glasi moja ilipasuka. Ilibaki 12,550, na zile 20,000 za chini ya mstari hazikuguswa.

"Mbali kiasi gani?" aliuliza mzee.

Baba watoto alitoka nje akahesabu. Hatua 70, na kuna mteremko. Mzee aliandika hivyo mbele ya neno "Mikindani", akafuta mahamali watatu akaweka wanne, kwa ajili ya yeyote atakayehamia upande ule baadaye. Kisha akaulizia friji. Ilikuwa imesimama tangu asubuhi, haijawashwa, kama alivyoagiza, mafuta ya kompresa yapate kutulia. Sasa mnaweza kuiwasha, alisema, na akaomba ile glasi iliyopasuka aelezwe ilikuwa katoni namba ngapi.